MAGAE YA SUSU

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii nimeijua tangu darasa la nne, na nimeitia katika insha mara nyingi ili nipate alama, lakini sikuwahi kujiuliza gae lenyewe ni kitu gani. Kwetu nyumbani gae lilikuwa kitu cha kukwangulia masizi ya sufuria au cha kuwekea kuku maji. Mwaka huu ndipo nilipojua kwamba gae linaweza kumnyamazisha mtu mzima. Hebu kaa kitako nikusimulie.

Sisi tunakaa kwenye mteremko, upande wa vilima vya Iveti, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu kutoka hapa shuleni. Anayeijua Machakos anajua kwamba shamba la mteremko bila matuta ni kazi bure. Mvua moja tu ya Novemba hubeba udongo wote ikaupeleka mtoni. Ndiyo maana watu wa huku huchimba fanya juu, yaani mtaro unaoambaa na mlima, na udongo wake hutupwa upande wa juu ili uwe ukingo. Katika likizo ya Aprili baba aliamua kuongeza tuta moja nyuma ya nyumba ya Susu. (Susu ni nyanya kwa Kikamba. Wasomaji wasio Wakamba waniwie radhi, sina jina jingine la kumwita.)

Siku ya pili jembe langu liligonga kitu kikalia kama kengele iliyopasuka. Nilikuwa nimechimba hadi magotini. Nikainama nikaona magae, si moja wala mawili bali tabaka zima, yamelaliana kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na majivu meusi, kisha udongo mwekundu wa kawaida, kisha magae tena, haya machache kuliko yale ya kwanza. Matabaka yote mawili niliyaona kwa macho yangu haya. Likumbuke jambo hilo, msomaji, maana hapo ndipo nilipokosea.

Moyo ulinidunda kama ngoma. Tangu kidato cha kwanza tulifundishwa kwamba akiolojia ni mojawapo ya njia za kuijua historia, na mimi nilikwisha kuiona picha yangu gazetini. Niliyaokota magae yote, ya juu na ya chini, nikayatia katika gunia moja la mbolea. Jioni nikayamwaga uani nikayasugua kwa brashi ya viatu mpaka yakang'aa. Yalikuwa 143. Baba alinitazama akasema, "Ukimaliza kuosha takataka zako, mtaro bado unakungoja."

Muhula wa pili ulipoanza tuliletewa mwalimu wa mazoezi kutoka chuo kikuu, mwalimu wa Kiswahili na Historia. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka ya kumaliza silabasi, na pia kwa sababu alikuwa amewahi kuchimba pamoja na wahadhiri wake huko pwani. Niliposikia hayo sikulala. Kesho yake nilibeba magae 20 yaliyo mazuri zaidi nikayapanga mezani pake mbele ya darasa zima, kifua mbele.

"Mazuri," akasema. "Yametoka tabaka gani?"

"Yametoka shambani, Madam."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaniuliza tena kama kulikuwa na tabaka moja au zaidi, nikajibu mawili. Akauliza kama nilitenga ya juu na ya chini. Mate yalinikauka kinywani. Nilimjibu kwa kutazama viatu vyangu.

Hakunigombeza. Aliligeukia ubao akaandika jina moja refu: Dragendorff. Tukadhani ni dawa ya minyoo. Kumbe ni Mjerumani, Hans Dragendorff, ambaye mwaka wa 1895 alichapisha kazi ya kuvipanga vyombo vya Warumi wa kale. Warumi walikuwa na vyombo vya mezani vyekundu, vyenye mng'aro kana kwamba vimepakwa nta. Viliumbwa kwa maelfu, kwanza Italia katika mji wa Arezzo, baadaye kusini mwa Ufaransa mahali paitwapo La Graufesenque na kwingineko. Bakuli za nakshi zilifinyangwa ndani ya kalibu, kwa hiyo ziliweza kufanana kama matofali. Dragendorff alivitenga kwa umbo, sahani huku, vikombe huku, bakuli huku, na kila umbo akalipa namba. Bakuli fulani la mviringo lenye nakshi ni namba 37. Hata leo mtu akiokota gae London akalitaja kwa namba hiyo, mwenzake aliyeko Ujerumani analiona akilini bila kuchorewa.

Tukauliza, na miaka je? Gae halina tarehe. Mwalimu akatueleza habari za Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka wa 79. Chini ya majivu hayo lilipatikana kasha la bakuli 90 hivi kutoka Ufaransa pamoja na taa za udongo, na kasha lilikuwa halijafunguliwa. Mwenyewe alilipokea, akasema labda atalifungua kesho, na kesho haikufika. Basi mitindo ya bakuli zile inajulikana kuwa ilikuwa mipya mwaka ule, na popote inapoonekana mtu ana pa kuanzia kuhesabu.

Habari iliyonikaa zaidi ni ya mihuri. Wafinyanzi wengi wa vyombo hivyo vyekundu waligonga jina ndani ya chombo kabla udongo haujakauka. Wengine walikuwa watumwa. Hawakuandikwa katika kitabu chochote cha wafalme, lakini jina la mtu limo katikati ya sahani, na mtu wa leo analisoma. Aidha, mjini Roma kuna kilima kizima, chenye urefu wa mita 35 hivi, ambacho si mawe kama vilima vyetu vya Mua na Iveti. Ni magae matupu, mabaki ya mitungi ya mafuta ya zeituni. Mjerumani mwingine, Heinrich Dressel, aliyasoma maandishi yaliyo juu ya magae hayo, na mwaka wa 1899 jedwali lake la maumbo ya mitungi likachapishwa. Mimi nilijiona nimechoka kwa magae 143!

Mwenzetu mmoja wa nyuma, yule wa kupinga kila kitu, akasema, "Sasa Madam, Warumi wanatuhusu nini watu wa Machakos?" Mwalimu akatabasamu. Akasema kwamba hata Unguja Ukuu, kule Zanzibar, mwanaakiolojia Abdurahman Juma alipata vipande vichache vya vyombo vyekundu vya Kirumi vya karne ya 5 na ya 6, vilivyofinyangwa Afrika ya Kaskazini. Tena hapa hapa Kenya kazi hiyo hiyo imefanywa kwa vyungu vya wenyeji. Mwaka wa 1948 Leakey na kasisi Owen waliandika habari za vyungu vya upande wa Nyanza vyenye kibonyeo kitakoni, kama kidole kimekanyaga pale. Siku hizi vinaitwa vya Urewe. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alichimba Kwale akapata vyungu vya watu waliojua kufua chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na hivyo hutambulikana kwa midomo yake iliyokatwa mshazari na kutiwa mifuo.

"Kwa hiyo wewe," akaniambia, "lete yote 143. Kilichopotea kimepotea. Tuone kilichobaki."

Kuanzia siku hiyo, saa kumi jioni baada ya masomo, tulikuwa watu watano sakafuni katika chumba cha jiografia. Jambo la kwanza lilikuwa udongo wenyewe. Unalivunja gae pembeni kidogo sana ili uone ndani, kisha unalitazama kwa kioo cha kukuza tulichoazima maabara ya baiolojia. Tulipata aina mbili. Udongo mmoja una vimeta vidogo kama vya mchanga wa mtoni unapopigwa na jua. Mwingine ni wa kijivu na una changarawe. Kisha tukatenga midomo, shingo, matumbo na vitako. Matumbo ndiyo mengi na ndiyo yasiyosema kitu. Mdomo ndio wenye habari, kwa sababu ukiwa na kipande chake unaweza kujua chungu kizima kilikuwa na upana gani. Tulichora miviringo kwa bikari juu ya karatasi kubwa, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja umezidi mwenzake kwa sentimita moja, halafu unaliweka gae juu yake unalisogeza mpaka likae sawasawa na mstari. Lo! Kazi hiyo si mchezo. Gae likiinama kidogo tu, chungu cha muthokoi kinageuka kuwa pipa.

Midomo ilikuwa 31. Mingi ilikuwa ya sentimita 18 hadi 24, ndiyo ya vyungu vya kupikia. Michache ilikuwa myembamba ya mitungi ya maji. Shingoni mwa mingi palikuwa na alama, mistari mitatu ya kuchanjwa na nukta moja. Tukaviandika vyote vyenye alama hiyo kuwa Kundi A, na tukafurahi sana na Kundi A letu.

Vikabaki vipande sita ambavyo havikuingia popote. Vilikuwa vya chungu kimoja kidogo, mdomo wa sentimita 7 tu, ukuta mnene upande huu na mwembamba kama chapati upande ule. Alama yake ilikuwa mistari iliyopinda pinda, ya tatu imekatika kwa sababu kipande cha mdomo kilikosekana. Na mwilini palikuwa na vibonyeo vya vidole. Tukakiita "kile kibaya".

Jumamosi moja niliyabeba magae nikayapeleka kwa Susu. Susu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, anaona mwanga tu. Mimi nilidhani sitapata kitu kwake, nilienda kwa adabu tu kwa kuwa magae yametoka nyuma ya nyumba yake. Nilimwamkia, nikamwekea gae la kwanza mkononi. Alipitisha kidole gumba juu ya mdomo wake, akashuka shingoni, akacheka.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nikampa jingine la Kundi A. "Huyu ni dada yangu. Mkono wake ulikuwa mzito, unasikia hapa alivyokandamiza?" Jingine. "Huyu ni mama mkwe. Alama ni yake, sisi alitupa tuitumie. Lakini yeye alichanja kutoka kushoto." Sisi kwa bikari, rula na kioo cha kukuza tulikuwa tumewafunga wanawake watatu katika mfuko mmoja. Yeye, asiyeona, aliwatenga nikiwa bado natafuta kalamu.

Akanisimulia. Alikuja kuolewa hapa akiwa msichana wa miaka 17, mwaka wa Yua ya Ndeke, njaa ambayo watu waliletewa chakula kwa ndege. Huo ni mwaka wa 1961. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha ufinyanzi, na vyungu vyake vya kwanza vilivunjika karibu vyote. Ndiyo magae ya chini. Yale ya juu ni ya Yua ya Nikw'a Ngwete, mwaka wa 1984. Maana ya jina hilo ni kwamba ninakufa hali nimeshika, yaani pesa unazo mkononi na chakula cha kununua hakipo. Wanawake walisikia kwamba kuna mahindi yanakuja Machakos mjini, wakataka kuuza vyungu upesi. Chungu kinatakiwa kukauka kivulini siku nyingi. Kikiingia motoni na maji ndani ya udongo, maji yanageuka mvuke na mvuke unatafuta njia. Vilipasuka kama bisi, akasema, takriban arobaini katika moto mmoja. Walivifukia hapo hapo usiku ili watu wasione.

"Na wewe umekwenda kuifukua aibu yetu ukaipeleka shule," akasema, lakini alikuwa anacheka.

Ndipo nikampa "kile kibaya". Kicheko kikaisha. Alivishika vipande vile vyote sita, kimoja kimoja, akaingiza kidole katika vibonyeo. Akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Hiki kilikuwa juu au chini?"

Sikumwelewa. Akasema kwamba mwanafunzi wa ufinyanzi, awe nani, hufinyanga vibaya namna hiyo hiyo. Kama kilikuwa chini, basi ni chake mwenyewe cha mwaka ule alioolewa. Kama kilikuwa juu, ni cha shangazi yangu. Shangazi huyo sikuwahi kumwona. Alikuwa na miaka kumi wakati wa Nikw'a Ngwete, akifinyanga vyake vidogo kando ya mama yake, na mwaka uliofuata surua ikamchukua. Hakuna picha yake hata moja. Nguo zake ziligawanywa. Susu akauliza tena, polepole, kama mtu anayeuliza bei. "Juu au chini?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia niliyatia yote katika gunia moja. Alinirudishia vipande akasema si neno, mtoto hakosi kukosea. Nilitamani anichape.

Jumatatu nilimwendea mwalimu kabla ya paredi. Tulijaribu kila njia. Udongo wa kile chungu ni ule wenye vimeta, na Susu alikwisha sema kwamba huo waliuchimba miaka yote miwili. Nilimleta dada yangu mdogo wa darasa la nne akaingiza kidole katika kibonyeo, kikaingia barabara, nikaruka kwa furaha. Mwalimu akanituliza. Udongo hunywea ukikauka, na hunywea tena motoni, kwa hiyo kidole cha msichana mkubwa chaweza kuacha alama ndogo kuliko chenyewe. Tungeweza kumdanganya Susu, na angetuamini. Hilo halikusemwa na mtu, lakini nililifikiria, na nakiri.

Ndipo mwalimu akauliza kile kipande cha mdomo kinachokosekana kiko wapi. Kama nisingekiosha wala kukitupa, basi kimo ardhini bado. Na kipande kikipatikana mahali pake, kikashikana na vile sita mvunjiko kwa mvunjiko, kitakuwa kimevijibia vyote. Nikakumbuka kwamba mtaro wa baba haukufika mwisho. Zilibaki hatua nne hivi, kwa sababu ya kisiki cha mwembe.

Likizo ya Agosti nilimwomba baba asilichimbe lile pande kwa jembe. Alianza kukataa, mvua haimngoji mtu. Nikamweleza ni kwa ajili ya nani. Baba ni mtu wa maneno machache. Aliweka panga chini akasema, "Alikuwa anajipaka udongo puani, halafu anakuja kunitisha." Kisha akaenda kuutafuta uzi wa kupimia.

Tulichimba kwa kisu cha jikoni na kijiko, tabaka la juu kwanza, peke yake, na kila gae likaandikiwa kina chake kabla halijaguswa. Mwalimu alikwisha rudi chuoni lakini alikuwa ametuachia maagizo: tutazame kama kuna shimo la fuko, kwa maana fuko hubeba vitu vya juu akavipeleka chini bila kuandika popote. Hakukuwa na shimo. Siku ya kwanza tulipata matumbo matupu. Siku ya pili kitako. Siku ya tatu, karibu saa sita, sentimita 46 chini, juu ya majivu, nikaona ncha ya mdomo, kubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini kidogo tu. Sikuitoa. Niliandika kwanza. Mkono ulitetemeka hata 46 ikaonekana kama 40, nikaiandika tena.

Baba alishika vile sita, mimi nikakileta cha saba. Kiliingia. Mstari wa tatu uliokatika ukapata mwisho wake, nao umepinda vile vile.

Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, uso ameuelekeza kwetu, anatusikiliza tunavyonong'ona.

"Kilikuwa juu, Susu," nikamwambia.

Alinyosha mkono. Nilimpa vyote saba ndani ya leso, akavifungua mapajani, akakitafuta kile kibonyeo mpaka akakipata, akaacha kidole humo. Baba alijifanya anatafuta kitu mtaroni. Baadaye sana Susu akauliza kama tumekula, akasema muthokoi umo jikoni, tupakue kabla haujapoa.

Magae mengine yamo katika kabati la chumba cha jiografia, kwenye mifuko yenye maandishi, na Kundi A sasa ni makundi matatu. Ukitaka kuyaona, mwombe mwalimu wa historia ufunguo. Kile kidogo hakimo. Kilibandikwa kwa gundi, na kiko nyumbani kwa Susu, karibu na kitanda, mahali mkono wake unapofika.